Nafasi kati ya miche ya stroberi huamua wingi na ubora wa matunda

Katika kilima cha Nsambya, kilichoko Makindye jijini Kampala, nyumba zimesongamana na sehemu ya kulima mara nyingi ni uwanja mdogo wa nyuma au kando ya ukuta. Mahali pafinyu kama hapo, mkulima wa stroberi hushawishika kubananisha miche akitumaini kuvuna zaidi. Hata hivyo, wingi wa miche si wingi wa faida.

Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 hupokea miche 30 hivi, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande. Nafasi ikipunguzwa hadi sentimita 20, miche hufikia 75. Gharama ya kuinunua hupanda zaidi ya maradufu, ilhali mavuno hayapandi kwa kiwango hicho, kwa kuwa mimea hugombania mwanga, maji na rutuba. Tuta zima laweza kutoa kilo nyingi zaidi, lakini kila mche huzaa kidogo, na matunda huwa madogo.

Mvua za Kampala, ambazo huwa nyingi Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huzidisha hatari. Majani yaliyosongamana hukawia kukauka, na unyevu huo hustawisha ukungu wa kijivu, ugonjwa unaoozesha tunda shambani na hata baada ya kuchumwa. Kivuli nacho hupunguza utamu.

Nafasi kubwa mno pia ina hasara: matunda huwa makubwa, lakini ardhi hubaki wazi, magugu huota na mavuno ya eneo hupungua.

Kwa sababu hiyo, sentimita 30 kati ya mche na mche ni kipimo kinachotumiwa sana. Wakati wa kupanda, kitovu cha mche hakifukiwi, kwani huoza. Vikonyo vinavyotambaa hukatwa mapema. Vikiachwa, huotesha miche mipya na kuziba nafasi iliyopimwa. Matandazo ya nyasi kavu huyakinga matunda yasiguse udongo.

Wanaopanda katika magunia au ndoo hufuata kanuni hiyohiyo: hewa ipite, na jua lifikie kila mche.