Springi za nyuma za Porsche 911 ya Safari

Springi za nyuma za Porsche 911 ya Safari ni mfumo unaobeba uzito wa nyuma wa gari hilo la michezo kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Magari hayo hushiriki East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo yamewahi kupita Arusha.

== Muundo ==
Injini ya 911 iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo uzito mwingi huelemea huko. Hadi mwaka 1989 gari hilo lilitumia fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi za koili. Kila fimbo ya nyuma ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Kuhamisha meno hubadilisha kimo cha gari.

== Historia ==
Katika Safari Rally ya mwaka 1974, Björn Waldegård alikuwa akiongoza hadi mkono wa gurudumu la nyuma ulipovunjika. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 zilizoinuliwa na kuimarishwa. Vic Preston Jr alishika nafasi ya pili.

== Urekebishaji ==
Gari likiinuliwa, magurudumu ya nyuma huinama nje kwa juu, hivyo ni lazima yapangwe upya. Shokapu laini mno huacha gari lidunde baada ya shimo. Ngumu mno huifanya tairi iruke kwenye makorongo madogo. Udongo wa volkeno kandokando ya Mlima Meru huteleza wakati wa masika, na hapo ulaini kiasi husaidia tairi kushika.