Jina la Mwalimu

Katika hisabati, jina la kitu mara nyingi huwa kama hukumu ya kesi iliyokwisha. Mtu kagundua, kitu kikapewa jina lake, jalada likafungwa. Misingi ya Gröbner haikwenda hivyo. Aliyeonyesha namna ya kuikokotoa si Wolfgang Gröbner bali mwanafunzi wake, Bruno Buchberger, katika tasnifu ya udaktari aliyoiandika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, mwaka 1965. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1976, Buchberger huyo huyo aliipa kazi yake jina la mwalimu. Kila nikikisoma kisa hiki najiuliza: ilikuwa heshima tu, au alikuwa analipa deni?

Ili kujibu, lazima tuitazame kazi yenyewe. Chukua milinganyo miwili: x mara y ni 1, na y mara y ni 1. Iandike kama polinomia: xy − 1 na y² − 1. Zidisha kila moja kwa polinomia yoyote upendayo, kisha jumlisha. Mkusanyiko wa yote yanayoweza kupatikana kwa njia hiyo huitwa ideali. Swali la zamani ni hili: mtu akikuletea polinomia nyingine, utajuaje kama imo ndani ya mkusanyiko huo?

Jibu la haraka ni kugawanya na kutazama baki. Panapokuwa na herufi moja tu isiyojulikana na polinomia moja tu ya kugawanyia, njia hiyo haikosei. Herufi zikiwa mbili au zaidi, inaweza kukudanganya. Zidisha xy − 1 kwa y, zidisha y² − 1 kwa x, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza. Vipande vya xy² vinafutana, inabaki x − y. Kwa hiyo x − y imo. Lakini jaribu kuigawanya kwa zile mbili za mwanzo: x haigawanyiki kwa xy, wala y haigawanyiki kwa y². Baki linabaki vilevile, kana kwamba x − y ni mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Alichofanya Buchberger ni kuwatafuta hao wana waliofichika. Panga vipande vya kila polinomia kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Chukua polinomia mbili, zizidishe mpaka vipande vyake vya mbele vilingane, zitoe, kisha gawanya kinachopatikana kwa zote ulizo nazo. Kikibaki kitu, kiongeze kwenye orodha na uunde jozi mpya. Jozi zote zikiishia sifuri, simama: orodha yako imekamilika, na kuanzia hapo baki halidanganyi tena. Katika mfano wetu, kuongeza x − y kunatosha. Majibu yanajisoma yenyewe: x ni sawa na y, na y ni 1 au −1.

Uzito wote uko kwenye neno “simama”. Gröbner alikuwa na njia yake ya kuendea swali hili kwa mkono, akiongeza kipeo kimoja baada ya kingine, lakini hakuwa na kipimo cha kumwambia kwamba sasa inatosha. Akalipeleka swali mbele ya wanafunzi. Buchberger akalichukua, akathibitisha kwamba hatua zake lazima zifike mwisho, kisha akaiandikia programu kompyuta ya chuo, Zuse Z23.

Hakuwa wa kwanza kulikaribia jambo hili. Paul Gordan alitumia wazo la jamaa yake mwaka 1899. Nikolai Günther, Mrusi, aliandika kuhusu dhana inayofanana mwaka 1913, lakini maandiko yake yakasahauliwa hadi yalipofufuliwa mwaka 1987. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla ya tasnifu ya Innsbruck, Heisuke Hironaka alitumia misingi ya aina hiyo kwa mifuatano isiyo na kikomo. Alithibitisha kwamba ipo. Namna ya kuikokotoa hakuitoa.

Wapenda mashindano huuliza nani alitangulia. Kwangu swali hilo linapoteza kilicho muhimu. Kujua kwamba kisima kina maji si sawa na kuwa na kamba inayofika chini. Na tasnifu ya Buchberger nayo ingeweza kupotea kama maandiko ya Günther: matokeo yake yalichapishwa jaridani mwaka 1970, na kwa miaka mingi wachache waliyajali. Aliipatia kazi jina wakati ambapo hapakuwa na sifa nyingi za kugawana.

Ndiyo maana naona lilikuwa deni. Gröbner alitoa kitu ambacho walimu wengi huona aibu kukitoa: swali lililomshinda. Alikuwa hai kuona jina lake likipewa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1980. Historia nayo ilifanya haki ya upande wa pili, kwani utaratibu wa kukokotoa unaitwa algoriti ya Buchberger.

Gharama ya kamba hiyo ilijulikana baadaye. Mwaka 1982 Ernst Mayr na Albert Meyer walionyesha kwamba kuna ideali ambazo swali lake la uanachama linadai nafasi ya kumbukumbu kubwa kupita kiasi kwa kompyuta yoyote, hata kama utaratibu unasimama. Hata hivyo, mwaka 2003 Jean-Charles Faugère na Antoine Joux walitumia misingi hii kuvunja changamoto ya mfumo wa siri uitwao HFE, yenye milinganyo 80 na herufi 80 zisizojulikana. Waliojenga mfumo ule walitegemea kwamba hakuna atakayefika mwisho wa hesabu hiyo.