Geti limefunguliwa, mtoto abaki na nani?

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kusimamisha wanafunzi zinataja wizi, uharibifu wa mali, dawa za kulevya, ukahaba, kosa dhidi ya maadili na kufunga ndoa. Mimba haimo. Hata hivyo, kwa karibu miaka 20 iliyofuata, mwalimu mkuu wa Kishapu, Kahama au Geita aliyeletewa habari kwamba binti wa kidato cha pili ni mjamzito hakuhangaika kutafuta kifungu. Aliiona mimba ndani ya hayo "maadili", akaandika barua, na binti akarudi kwao na begi lake. Kabla ya 2002 mambo yalikuwa hivyohivyo, kwa mazoea tu. Shule nyingi zilipima mimba wasichana wote kwa foleni, mara kadhaa kwa mwaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Shinyanga iliumia zaidi ya mikoa mingi. Kwa miaka mingi ndiyo iliyotajwa kuongoza nchini kwa ndoa za utotoni, kwa asilimia 59. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 34 ya wasichana wake wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mzazi mwenye shida aliuona umri huo kuwa mwanya wa kupata ng'ombe wa mahari. Kesi za mimba za wanafunzi nazo zilikuwa na desturi ya kuishia nyumbani: wazee wanakaa, wanamalizana, na siku ya ushahidi binti anakana kumfahamu mshtakiwa.

Viongozi wakija kwenye mikutano hupenda kulaumu mila, na chagulaga haikosi kutajwa, ule uchumba wa Kisukuma wa vijana kuwazingira mabinti njiani hadi mmoja achague. Sikatai kwamba mila ina lake. Lakini naona umbali umefanya madhara makubwa zaidi. Shule za kata zilipoanza kuongezeka kwa kasi baada ya 2004, nyingi zilijengwa bila bweni. Binti wa kijijini akawa na njia mbili: atembee kilomita nyingi alfajiri na jioni, au wazazi wampangie chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe wanakiita gheto. Godoro, ndoo, jiko la mkaa, debe la unga la kutumia hadi mwisho wa mwezi. Unga ukiisha tarehe 20, mwenye bodaboda au duka yuko jirani, na anajua umeisha.

Geita iliongeza dhahabu juu ya hayo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa miaka ya 1960. Mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu, Kahama, ukafuata 2001, na huko Geita wachimbaji wadogo wakajaa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Kila rashi mpya, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ilileta vijana wenye fedha za siku moja. Msichana aliyefukuzwa shule hakuwa na pengine pa kwenda, akaenda machimboni. Kazi anayopewa ni ya kukaa chini. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao uliolala mteremko. Kinachobaki humiminwa kwenye karai, zebaki ikaongezwa na kuchanganywa kwa mkono mtupu, kisha donge likachomwa kwenye moto wa mkaa mpaka dhahabu ibaki peke yake. Anafanya hayo na mtoto mgongoni. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na huingia pia kwenye maziwa ya mama. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania, yakiwemo ya kanda hii ya Shinyanga na Geita.

Nchi hii ilishawahi kukiri kwamba uzazi na masomo vinagongana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Nia ilikuwa njema, ila matokeo yakaonekana haraka: idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka, kwa sababu katika kipindi hicho cha kusubiri wengi waliolewa na kuzaa, wakaishia hapo. Mwaka 1976 Serikali ikawaondolea wasichana sharti hilo. Uamuzi ulisaidia, lakini tazama ulivyofikiriwa: msichana aharakishwe afike chuoni kabla hajawa mama. Kwamba angeweza kufika akiwa tayari ni mama, halikujadiliwa.

Chuo cha kwanza cha umma kumfaa mama huyo hakikumkusudia yeye hasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kililenga watu wazima walio kazini. Kwa kuwa hakina bweni wala kengele ya saa moja na nusu, na kina vituo mikoani, mwanamke wa Shinyanga aliweza kusomea shahada usiku mtoto akiwa amelala. Nadhani chuo hicho kimewabeba akina mama kuliko sera yoyote iliyoandikwa kwa jina lao, na sifa hiyo hakipewi.

Kisha ikaja ile miaka ya vurugu. Ilani ya chama tawala, CCM, ya 2015 iliahidi kuwarudisha shuleni wanaopata mimba. Januari 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa. Mwaka huohuo Sheria ya Elimu ikaongezewa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na Julai Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikavitangaza vifungu vya ndoa za utotoni kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo Oktoba 2019. Ilionekana mambo yanaelekea pazuri. Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli akatamka kwamba katika utawala wake hakuna atakayepata mimba akarudi shule. Hapakuwa na sheria mpya wala waraka. Tamko lilitosha. Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu ya sekondari, na Machi 2020 ikaja kuidhinisha wa dola milioni 500 kwa makubaliano ya kuwekwa njia mbadala nje ya shule za kawaida.

Waliofanya kazi katika kipindi hicho hawakuwa na kelele. Mjini Shinyanga, shirika la Agape liliendesha shule huria kwa mabinti waliookolewa kwenye ndoa za utotoni na waliokatishwa masomo kwa mimba. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden na vilivyokuwa vimeanza kusahaulika, vikapata uhai mpya kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Katika kanda hii kuna Buhangija, Shinyanga, na Mwanva, Kahama. Mpango huo ulileta jambo dogo ambalo wizara haikuwahi kuliweka kwenye shule zake: kituo cha malezi ndani ya uzio wa chuo. Mama anaingia darasani, mtoto yuko mita chache na mlezi, na muda wa mapumziko ananyonyeshwa.

Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, wataruhusiwa kurudi. Waraka Na. 2 wa mwaka huo ukafuata, na mwongozo uliotoka mwaka uliofuata ukaweka muda wa miaka 2 ya kurudi. Septemba 2022, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ikasema Tanzania ilikuwa imevunja haki za mabinti kwa kuwapima mimba na kuwafukuza. Zanzibar ilikuwa imeruhusu kurudi zaidi ya miaka 10 nyuma, Kenya tangu 1994. Nchini Botswana, mwaka 1995, wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Molepolole walikishinda chuo chao kortini kuhusu kanuni iliyomtaka mwanachuo mjamzito aondoke. Sisi tumechelewa, na waraka si sheria ya Bunge. Unaoandikwa na waziri mmoja hufutwa na mwingine.

Lakini kasoro kubwa iko kwingine. Waraka umefungua geti bila kuuliza mtoto atabaki na nani. Familia yenye bibi mwenye afya inajibu swali hilo yenyewe. Familia ambayo mama naye yuko shambani au machimboni hailijibu, na binti anakaa nyumbani mpaka ile miaka 2 inapita.

Chuo kikuu nacho kina tatizo hilohilo kwa sura ya heshima zaidi. Huko hakuna anayekufukuza. Wewe ni mtu mzima. Unaandika barua ya kuahirisha mwaka, bumu, yaani mkopo wa kujikimu, halikufuati nyumbani, na ukirudi hosteli haina nafasi ya mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Kwa hiyo mhadhiri na mwanafunzi wake wakijifungua wiki moja, mmoja analindwa na sheria na mwingine anategemea huruma ya mkuu wa idara.

Kanda hii sasa inapata vyuo. Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ipo Shinyanga, na kila mwaka wa fedha unakuja na majengo yanayopangwa. Wanaochora ramani za hosteli watenge chumba kimoja cha malezi na kimoja cha kunyonyeshea karibu na maktaba. Halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita, ambazo migodi huzilipa ushuru wa huduma, zilipe mshahara wa walezi wawili kwa kila sekondari yenye wasichana waliorudi. Bajeti huandaliwa kila mwaka. Diwani wako anaweza kuulizwa kuanzia sasa.