Sumaku za vijisanamu
Sumaku za vijisanamu ni visahani vidogo vya sumaku ya neodimi vinavyofichwa ndani ya vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, kama Warhammer 40,000, ili mkono au silaha ibadilishwe bila kubandua gundi. Aloi yake, ya neodimi, chuma na boroni, ilibuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisahani cha upana wa milimita 3 na unene wa milimita 1 kwa kawaida hutosha mkono wa askari. Mabawa mazito hudai milimita 5. Madaraja ya nguvu za sumaku huandikwa N35 hadi N52, ingawa kuongeza unene mara nyingi husaidia kuliko kupanda daraja.

Tundu hutobolewa taratibu kwa keekee ya mkono, kisha sumaku hubandikwa kwa supagluu. Kinachowasumbua wengi ni ncha: za aina moja zikikabiliana, mkono husukumwa mbali. Dawa yake ni kuinasisha sumaku ya pili juu ya ile iliyokwisha kubandikwa kiwiliwilini, kuutia wino uso wake wa nje, kisha kuuzamisha uso huohuo ndani ya tundu la mkono.

Mtoto akimeza sumaku zaidi ya moja, huvutana tumboni na zinaweza kutoboa utumbo. Apelekwe hospitali mara moja.