Asiye Wakili Ndani ya Ofisi ya Mawakili

Tukizungumzia vishoka, tunamfikiria mtu anayejifanya wakili. Makala haya yanamhusu mwingine: asiye wakili, asiyejifanya wakili, aliyeajiriwa kihalali na ofisi ya mawakili, na ambaye kutwa nzima ndiye anayeshika mafaili na fedha za wateja. Uingereza na Wales wanamdhibiti kwa kifungu cha 43 cha Sheria ya Masolisita ya mwaka 1974. Udhibiti huo ni wa lazima. Kasoro yake ni kukosa ukomo.

Tazama ununuzi wa nyumba. Mnunuzi huweka akiba yake katika akaunti ya wateja ya solisita, yaani wakili wake. Siku ya kukamilisha mauzo, anayeandaa malipo na kujaza namba ya akaunti ya upande wa pili mara nyingi ni karani wa hesabu; solisita huidhinisha alichoandaliwa. Karani huyo akichota fedha za mteja mmoja kuziba pengo la mwingine, hana leseni ya uwakili ya kunyang'anywa. Akifukuzwa leo, kesho anabisha hodi ofisi ya jirani. Amri ya kifungu cha 43 ndiyo inayomzuia: bila kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Masolisita, hakuna solisita anayeruhusiwa kumwajiri wala kumlipa kwa shughuli za uwakili, na kampuni ya masolisita haiwezi kumfanya meneja wala kumpa hisa. Akiomba kazi hiyo huku ameificha amri, kifungu cha 44 kinasema ametenda jinai.

Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007 ilipowaruhusu wasio mawakili kumiliki na kuongoza kampuni za sheria, kifungu cha 99 kikaweka zuio la namna hiyo kwa kampuni hizo. Ilistahili. Meneja hahitaji kugusa faili ili aharibu kazi. Inatosha awabane walio chini yake.

Mahakama Kuu ilieleza mwaka 2007 kwamba amri ya kifungu cha 43 ni kinga kwa umma, si adhabu. Nakubali, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Tuseme msaidizi wa kisheria kijana amepitwa na tarehe ya kuwasilisha nyaraka, akaandika barua ya tarehe ya nyuma ili msimamizi wake asijue. Ni udanganyifu, na kumzuia ni haki. Ila amri yake haina mwisho, sawa na ya karani mwizi, mpaka aombe mwenyewe ifutwe na athibitishe kwamba anaaminika. Wa kipato chake wangapi watamudu gharama za ombi hilo?

Kinga hupimwa kwa hatari iliyopo, na hatari hubadilika. Kwa hiyo Mamlaka ilazimishwe kupitia kila amri baada ya miaka mitano bila kungoja ombi, na kueleza kwa maandishi hatari iliyobaki. Kwa aliyeiba fedha za wateja, maelezo yatatosha aya moja na amri itaendelea. Kwa yule kijana, mapitio yaulize pia alikuwa na mafaili mangapi, nani alimsimamia, na kwa nini aliogopa kusema ukweli. Solisita aliyekuwa juu yake aitwe ajibu.