Faili la Kilindini
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Ijumaa, 4 Februari 1977. Zuhura, karani wa posta Bagamoyo, anapata telegramu ya kaka yake Idrisa, karani wa bandari ya Kilindini, Mombasa: "CHOMBO KINATOKA LEO. KIPOKEE KAOLE KESHO USIKU. BABA ASIJUE." Kabla hajaikunja, redio inatangaza kuwa Tanzania imefunga mpaka wake na Kenya. Bwana Posta, Mtaita wa Voi, anaizima redio na kumwuliza: "Bi Zuhura, mimi sasa ni nani hapa?"

SASA ENDELEA...

Zuhura hakumjibu. Aliifunga telegramu kwenye pindo la kanga, akavuta droo ya stempu akajifanya anahesabu. Jibu lilikuwa mle ndani ya droo. Stempu za zamani zilibeba majina matatu kwa pamoja, Kenya, Uganda, Tanzania, na mtu aliibandika ileile awe Kisumu, Mbale au Bagamoyo. Tangu mwaka 1976 kila nchi ilikuwa na zake. Kwa karibu mwaka mzima walikuwa wakizigonga mhuri, wala hakuna aliyeuliza kulikoni.

Swali la Bwana Posta halikuwa la uraia. Alikozaliwa alikujua. Alichotaka kujua ni nani bwana wake kazini. Barua yake ya ajira haikutoka Nairobi wala Dar es Salaam, ilitoka Kampala, makao makuu ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Reli na ndege zilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe Arusha. Ndivyo walivyogawana baada ya mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ili kila nchi iwe na chake cha kujivunia. Waliogawana hivyo hawakuifikiria siku ya talaka, na hilo nalisema bila kuwaonea haya. Neno la mwisho katika kila jambo lilikuwa la marais watatu, na tangu Idi Amin alipompindua Obote wa Uganda Januari 1971 marais hao hawakuketi meza moja, maana Mwalimu Nyerere alikataa kukaa na Amin. Miaka sita shauri linapelekwa juu, na huko juu hakuna kikao.

"Nenda nyumbani," hatimaye Bwana Posta alisema. "Ndege za East African Airways haziruki. Leo Kenya imerusha za kwake. Kilichobaki ni sisi wa barua."

Nyumbani Dunda, Mzee alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Alistaafu akiwa sarahangi wa tishali, mtu aliyewahi kushusha shehena za meli kubwa bila gunia kuanguka baharini, na alipenda kulikumbusha hilo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukauka?"

"Umesikia redio?"

"Nimesikia. Mpaka hufungwa, kisha hufunguliwa."

"Watu wanasema Jumuiya inakufa, baba."

Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwezi jana nimepokea changu pale pale dirishani kwako. Maiti hatoi pensheni! Mimi mzaliwa wa Saadani, nimeitumikia Jumuiya tangu haijaitwa Jumuiya, hawa vijana wa redio wanifundishe nini?"

Msomaji wa leo anajua asichokijua Mzee. Bajeti ya 1977/78 haikupitishwa, na mwisho wa Juni Jumuiya ikawa imekwisha. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Mali iligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, na humo kila nchi ikajitwika pensheni za watu wake. Watu wake! Liweke akilini neno hilo, kwa sababu wazee wa Jumuiya walipanda na kushuka ngazi za ofisi na mahakama za Dar es Salaam hadi miaka ya 2000 wakidai haki zao, na wengine wakazikwa wakiwa bado wanadai.

Magharibi ilipokaribia, balozi wa nyumba kumi alipita akiwa na shati jipya la kijani. Kesho yake vyama vya TANU na ASP vilikuwa vinaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuhakikisha mtaa mzima unatoka.

"Kesho mapema, Mzee. Asikosekane mtu."

"Tutakuwepo, Ndugu Balozi."

Balozi hakuondoka. Alisogea karibu, sauti akaishusha. "Jambo lingine. Ukiona mgeni aliyetoka Kenya, kwa gari au kwa chombo, nipe taarifa. Hata kama ni ndugu." Kisha akamgeukia Zuhura, asimtazame usoni bali kwenye lile pindo la kanga. "Na wewe, binti, leo posta hamkupata habari yoyote kutoka Mombasa?"

*

"Barua mbili za walimu," Zuhura alisema, "na kifurushi cha misheni."

Balozi alitikisa kichwa na kwenda zake. Mzee alimwangalia binti yake kwa muda, kisha akaomba maji ya kutawadha.

Jumamosi ngoma zilianza mapema. Bagamoyo ilishangilia kuungana kwa vyama viwili, na walioshangilia walikuwa na sababu zao njema, siwabezi. Ila posta ilikuwa imefungwa, na nyuma ya ile posta, kwenye ua, mtu mmoja alikuwa anachoma karatasi.

Zuhura aliuona moshi akasukuma lango. Bwana Posta alikuwa amechutama mbele ya ndoo, shati halina hata kifungo kimoja kilichofungwa.

"Unachoma nini?"

"Barua zangu za mama. Mtu akizisoma akiwa na nia mbaya, kila sentensi ni ushahidi." Alisimama. "Telegramu ya kaka yako ilipita mkononi mwangu kabla haijafika kwako, Bi Zuhura. Sikumwambia mtu. Lakini nina ombi. Chombo kikishashusha, nirudi nacho Mombasa."

Zuhura alitaka kucheka, akajizuia. Mwanamume wa watu amezaliwa bara, atajulia wapi?

"Bwana Posta, huu ni mwezi wa pili. Kaskazi inavuma. Hicho chombo kinakuja kwa sababu upepo unakileta. Kwenda Mombasa sasa ni kupigana nao usiku na mchana. Manahodha hungoja kusi."

"Kusi inaanza lini?"

"Aprili, Mungu akipenda."

Bwana Posta alikaa juu ya mizani ya vifurushi, na sindano ya mizani ikaenda hadi mwisho. Barabara ya Horohoro ilikuwa imefungwa, Namanga imefungwa, Holili imefungwa. Ndege hakuna. Na bahari, ambayo haina geti wala askari, ilikuwa na upepo wake.

"Basi nitakuja Kaole vivyo hivyo," alisema. "Nahodha aniambie mwenyewe."

"Utaonekana."

"Nimeshaonekana. Asubuhi hii Balozi amepita hapa kuniomba funguo za sanduku la chuma."

"Ukampa?"

Bwana Posta alifungua kiganja. Funguo zilikuwa mbili. Zuhura aliyeshika kazi pale tangu 1974 alijua kwamba siku zote huwa tatu.

*

Binti wa Dunda hatembei usiku na mwanamume asiye wake, mpaka ufungwe au usifungwe. Kwa hiyo Bwana Posta alitangulia peke yake kwa njia ya minazi, na Zuhura akafuata na mama mdogo wake, wamejitanda mabuibui kama watu wanaokwenda msibani.

Kujificha usiku ule hakukuwezekana. Mwezi ulikuwa mpevu, wa siku mbili tu tangu kujaa, na magofu ya Kaole yalionekana jiwe kwa jiwe, misikiti ya kale na makaburi yenye nguzo. Lakini mwezi huohuo ulileta bamvua. Maji yangepanda juu kuliko kawaida, na chombo kingeweza kuingia hadi kwenye mikoko badala ya kunasa mbali kwenye tope. Nahodha aliyechagua usiku ule alijua anachokifanya.

Saa tisa na kitu wakaliona tanga. Lilishushwa mapema, jahazi likaja kwa pondo, taratibu, bila taa. Mtu alishuka ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, mzigo mgongoni, na mwingine kifuani.

Hakuwa Idrisa.

"Wifi!" Zuhura alimdaka mkono. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa turubai. "Mume wako yuko wapi?"

"Hakupanda."

"Hakupanda vipi?"

"Alinifikisha gatini, akanipa mtoto na hiki. Akasema faili limetoka ofisini bila ruhusa, na likikosekana yeye akiwa hayupo kazini, watajua ni nani. Akikaa mezani pake kama kawaida, huenda wasijue." Meno yalimgongana. "Amesema umsomee Baba. Halafu akasema hapana. Usome wewe kwanza."

Bwana Posta alikuwa tayari kwenye ubavu wa jahazi. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, akalamba kidole na kukiinua juu, upande wa bahari kuu. Hakusema neno. Bwana Posta alirudi nchi kavu akiwa ameloa hadi mapajani.

Zuhura alifungua turubai. Lilikuwa faili la kazi la tangu enzi za Reli na Bandari, jalada limeliwa na mende. Jina la Mzee. Kazi: baharia wa tishali. Mahali pa kuanzia: Kilindini, 1938. Akapitisha kidole kwenye mstari uliofuata, akaurudia, akaielekeza karatasi mwezini ili ahakikishe.

Mahali pa kuzaliwa: Lamu.

Na pembeni, kwa penseli nyekundu ambayo bado haijafifia, mtu wa juzijuzi alikuwa ameandika neno moja: KENYA.

"Saadani," Zuhura alinong'ona. "Siku zote alituambia Saadani."

Mwanga wa tochi ukapasua katikati ya makaburi. "Simama hapo! Nani?" Ilikuwa sauti ya Balozi, na nyuma yake viatu vya mgambo. Mama mdogo akaanza kusoma Yasini. Wifi akamfunika mtoto mdomo.

"Zima tochi, Ndugu Balozi. Unatutia upofu."

Zuhura aligeuka. Mzee alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha msikiti wa kale, bakora mkononi, na haikujulikana alikuwa hapo tangu lini.

"Hawa ni wageni wangu," alisema.

"Wametoka wapi, Mzee?"

"Wametoka kwetu."

"Kwenu ni wapi?" Balozi alimsogelea Zuhura, akanyoosha mkono kwenye faili. "Na hili ni la nani?"

Mzee aliangalia faili, akamwangalia Bwana Posta aliyekuwa anatiririka maji, kisha akafungua mdomo.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Je, Mzee atasema kweli mbele ya mgambo? Ufunguo wa tatu anao nani? Na Idrisa, amekaa mezani pake kama kawaida, au wamekwisha kugundua? Msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee wa Jumuiya, msomee sehemu hii kabla ya wiki ijayo, na umwulize yeye aliandikwa upande gani.