Pambano la Kinshasa la 1974 Likitazamwa kutoka Masisi na Walikale

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutajwa ili kumliwaza aliyeshindwa. Ikitazamwa kwa makini, hata hivyo, inamlenga zaidi yule ambaye hajapata kushindwa, maana ushindani wake yeye bado haujathibitishwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa mwanga wa methali hiyo pambano la ngumi lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 baina ya Muhammad Ali na George Foreman. Pambano hilo halitatazamwa kutoka ukingoni mwa ulingo, bali kutoka Masisi na Walikale, teritori mbili za Kivu Kaskazini zilizoko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka mji mkuu. Swali la msingi ni hili: shindano lililoandaliwa kwa jina la taifa zima lilikuwa mali ya nani, na lilinenwa kwa lugha gani?

Mabingwa wasiopigwa

Chanzo cha pambano la Kinshasa kiko New York. Tarehe 8 Machi 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, walikutana mabingwa wawili wa uzito wa juu ambao hakuna aliyewahi kuwapiga katika ndondi za kulipwa. Joe Frazier alikuwa ameshinda mapambano 26, Ali 31. Frazier ndiye aliyeshika taji. Ali alikuwa amenyang'anywa lake mwaka 1967 kwa sababu ya kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na si kwa kushindwa ulingoni. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 2.5. Katika raundi ya 15 Frazier alimwangusha Ali kwa ngumi ya kushoto; Ali aliinuka, lakini waamuzi wote walimpa Frazier ushindi kwa pointi.

Matokeo ya usiku ule yalikuwa makubwa kuliko pointi zenyewe. Ali alianza maisha mapya, maisha ya bingwa aliyekwisha kupigwa. Alipigwa tena na Ken Norton mwezi Machi 1973, kisha akalipiza kisasi kwa Norton na kwa Frazier. Frazier naye alikuwa ameonja kipigo tarehe 22 Januari 1973 mjini Kingston, Jamaika, ambako Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili tu. Hivyo, ilipofika 1974, sifa ya kutopigwa ilikuwa imehamia kwa Foreman: kijana wa miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hayo yalikwisha kabla ya raundi kumalizika zote. Ali alikuwa na miaka 32, ushindi 44 na vipigo viwili. Wajuzi wengi walimhofia maisha yake.

Taifa ulingoni

Serikali ya Mobutu Sese Seko ilidhamini malipo ya dola milioni tano kwa kila mpiganaji, fedha ambazo hazijapata kutolewa kwa pambano lolote kabla yake. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, na siasa ya kurudi kwenye asili ilikuwa imewavua raia majina ya Kizungu na suti za tai. Pambano lilikuwa njia ya kulisimamisha jina jipya mbele ya macho ya ulimwengu. Hata uwanja ulisema hivyo: uliitwa 20 Mei, tarehe ya kuundwa kwa chama pekee, MPR, mwaka 1967. Baadaye uwanja huo ulipewa jina la Tata Raphaël.

Pambano lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba, likaahirishwa kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Tamasha la muziki lililokusudiwa kulisindikiza halikuahirishwa; James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley walitumbuiza mwezi huo huo wa Septemba. Hatimaye, mnamo saa kumi alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, saa iliyochaguliwa ili Wamarekani watazame jioni yao, kengele ililia mbele ya watazamaji wapatao 60,000. Mobutu mwenyewe hakufika uwanjani. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikalegea, na katika raundi ya nane akamwangusha. Asiyepigwa akawa amepigwa. Aliyekwisha kupigwa akawa bingwa.

Lugha ya kelele

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuzingatiwa ni kelele za uwanjani: «Ali, boma ye!» Maneno haya ni ya Kilingala. Kitenzi ni -boma, yaani kuua, nacho kiwakilishi ye husimama peke yake baada ya kitenzi. Kiswahili hupanga vingine: kiambishi cha mtendwa huingia ndani ya kitenzi chenyewe, tukapata «Ali, muue!» Tofauti hii ndogo ya sarufi inafumbata tofauti kubwa ya historia. Sikio la Mswahili, lisikiapo boma, hukimbilia uzio wa ng'ombe, ngome au makao ya mtawala. Neno ambalo kwa mmoja ni kinga, kwa mwingine ni kifo.

Zaire ilikuwa na lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Redio ya serikali, Voix du Zaïre, ilizitumia zote pamoja na Kifaransa. Hata hivyo, Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi, ya muziki na ya Rais mwenyewe. Kiliingia Kivu pamoja na askari na amri. Mfano ulio wazi ni neno salongo, kazi ya lazima ya umma, ambalo wasemaji wa Kiswahili wa mashariki walilipokea katika miaka ya 1970 bila kulitafsiri, kwa kuwa jambo lenyewe halikuombwa wala kujadiliwa. Kelele za uwanjani zilipoizunguka dunia, dunia ilijifunza kwamba Zaire husema Kilingala. Kiswahili, lugha ya soko na ya kanisa baina ya Wahunde, Wanyarwanda, Wanyanga, Wakumu na Watembo wa Masisi na Walikale, hakikusikika.

Alfajiri ya Masisi na Walikale

Kivu iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kengele ya kwanza ilipolia, saa za Masisi zilikuwa zikikaribia kumi na moja alfajiri, na Foreman alipoanguka, takriban nusu saa baadaye, mapambazuko yalikuwa yakikaribia juu ya malisho. Kwa Kinshasa pambano lilikuwa la usiku. Kwa wafugaji wa Masisi, saa ile ni ya kukamua.

Mwaka ule wenyeji wa milima hiyo walikuwa na pambano lao. Sheria ya Julai 1973 ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yangepewa Wazaire. Masisi, yenye mashamba makubwa ya ufugaji na ya chai yaliyoanzishwa na wakoloni, iliguswa moja kwa moja. Mashamba mengi yaliishia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala, na si kwa waliokuwa wakiyalima. Pia sheria ya Januari 1972 ilikuwa imewapa uraia watu waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta. Bei ya shaba, iliyokuwa juu mwezi Aprili 1974, ilikuwa imeporomoka kabla ya mwaka kwisha, na pamoja nayo uwezo wa dola wa kulipia fahari yake.

Walikale, nchi ya msitu kwenye njia ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ilipata kujua ni wapi mambo hayo yangefika. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, yalianza mauaji yaliyosambaa hadi Masisi na kugharimu maelfu ya watu. Ugomvi ulikuwa juu ya ardhi, utemi na uraia. Hapakuwa na mwamuzi, hapakuwa na kengele ya kutenganisha raundi, wala hapakuwa na upande uliokuwa tayari kukubali pointi. Uwanjani «muue» lilikuwa neno la ushabiki. Sokoni Ntoto kuua kulikuwa kuua.

Hitimisho

Foreman hakukubali mara moja. Alilaumu kamba zilizolegea, akalaumu hesabu ya mwamuzi, akashuku hata maji aliyopewa. Ilimchukua miaka kukiri kwamba alipigwa na aliyekuwa bora, na baada ya kukiri akawa rafiki wa Ali. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer, bingwa ambaye naye hakuwa amepigwa, akarudishiwa taji alilolipoteza Kinshasa. Methali ilitimia kwake kwa utaratibu wake: kwanza kukubali, ndipo kushindana tena.

Ali alifariki mwaka 2016. Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025. Siku mbili kabla ya hapo, tarehe 19 Machi, wapiganaji wa M23 walikuwa wameuingia mji wa Walikale, baada ya kuitwaa Masisi mwezi Januari. Waliondoka Walikale mwezi Aprili. Dunia iliyomkumbuka Foreman siku zile iliikumbuka Kinshasa. Wachache waliotaja nchi hiyo walijua kwamba upande wake wa pili watu walikuwa wamebeba magodoro vichwani wakiingia msituni.

Historia ya pambano la 1974 imeandikwa mara nyingi kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na daima kutoka ulingoni. Waliokuwa na miaka 20 alfajiri ile katika milima ya Masisi wamevuka miaka 70. Ushuhuda wao juu ya kile ambacho taifa lilikuwa kwao mwaka ule unastahili kukusanywa kwa lugha wanayoisema, kabla haujachukuliwa na uzee au na vita. Kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.